Kuweka swichi ya kuchagulia chanzo cha sauti kwenye amplifaya ya kujitengenezea

Hapana wiki inayopita bila kijana kunibishia mlango na amplifaya mkononi. Nyingine imefungwa ndani ya kasha la DVD bovu, nyingine kwenye boksi la mbao alilokatiwa na seremala. Sauti inatoka vizuri, kazi ameifanya mwenyewe, na swali lake ni lile lile: "Fundi, nataka simu, king'amuzi na redio vyote viingie hapa. Nimechoka kuchomoa na kuchomeka. Nifanyeje?"

La pili hufuata papo hapo: "Kwani siwezi kuzikutanisha nyaya zote pamoja?"

Huwezi. Ukikutanisha waya wa simu na wa king'amuzi, kila kifaa kinasukuma sauti yake ndani ya kifaa cha mwenzake badala ya kuipeleka kwenye amplifaya. Sauti inakuwa hafifu na ya kukwaruza, na huenda siku moja tundu la simu likafa. Jirani yangu mmoja wa Majengo, hapa Mombasa, alikaa hivyo miezi, akiamini spika zake ndizo mbovu. Alizibadilisha zote mbili kabla hajanionyesha ule ufundo wa nyaya nyuma ya kabati.

Dawa ni swichi moja ya kuzungusha. Mwongozo huu ni wa amplifaya za kawaida tunazounda huku: bodi za TDA2030, TDA7294, LM3886 na ndugu zao, za stirio, zenye volyumu ya kilo-omu 10 hadi 100 mbele yake. Kama unajua kulehemu waya kwenye soketi na kusoma mita, ni kazi ya jioni moja.

Uwe navyo hivi kabla hujafungua kasha

- Swichi ya kuzungusha yenye seti mbili au zaidi, moja ya kushoto na moja ya kulia. Za kawaida madukani zina miguu 12 ya nje. Yenye miguu miwili ya ndani inakupa nafasi 6, yenye mitatu inakupa nafasi 4, yenye minne inakupa nafasi 3. Kwa vyanzo vitatu au vinne chukua ya nafasi 6. Sababu yake utaiona hatua ya 1.
- Soketi za RCA, nyekundu na nyeupe, jozi moja kwa kila chanzo. Chukua zenye washa (pete bapa) za plastiki za kuzitenga na bati.
- Rezista za kilo-omu 100, robo wati, mbili kwa kila chanzo.
- Waya wa sauti wenye nyuzi mbili ndani na koti la waya uliosukwa nje, kama nusu mita.
- Waya mnene wa shaba usio na ganda, wa kuunganishia graundi, yaani njia ya pamoja ya kurudi ya sauti.
- Chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40 na risasi nyembamba.
- Mita yenye mlio wa kupimia kama waya umeungana.
- Drili, biti, tupa ndogo, koleo, bisibisi.
- Rezista moja ya kilo-omu 1 ya wati 5, ya kutolea chaji.

Ukipata swichi kwenye redio kuukuu kwa wauza vyuma chakavu, ichukue ikiwa imefunikwa pande zote. Ile iliyo wazi, ambayo unaziona sahani zake za shaba, iache. Hapa kwetu upepo unakuja na chumvi, na chumvi haiachi shaba iliyo wazi.

Jambo moja la kuelewa

Sauti inapita hivi: soketi, swichi, volyumu, bodi ya amplifaya, spika. Swichi inakaa kabla ya volyumu, si baada yake, na kamwe haikai upande wa spika. Sauti inayofika kwenye swichi ni ndogo mno, haifiki hata volti 2 au 3, kwa hiyo inanasa uchafu wowote ulio karibu: transfoma, waya wa umeme, chaja ya simu. Ndiyo maana utaniona nikirudia "fupi, fupi" mpaka uchoke.

Hatua kwa hatua

1. Andika vyanzo vyako kwenye karatasi na uvipe nafasi. Kama swichi ina nafasi 6 na vyanzo ni vitatu, usivibananishe. Weka simu nafasi ya 1, acha ya 2 tupu, king'amuzi ya 3, acha ya 4, redio ya 5. Miguu iliyokaribiana huvujishiana sauti: unasikiliza redio kwa utulivu usiku, na chini yake unasikia taarifa ya habari ya king'amuzi kwa mbali. Nafasi tupu katikati, ukiilehemu kwenye graundi, inaukata huo uvujaji sehemu kubwa. Tena inakupa mahali pa kunyamazisha amplifaya bila kugusa volyumu.

2. Zima, chomoa plagi ukutani, kisha toa chaji. Kuchomoa peke yake hakutoshi. Kapasita kubwa za usambazaji wa umeme wa amplifaya hubaki na chaji, na kwenye bodi za volti 35 kwenda juu unaweza kuushtukia vibaya. Shika rezista ya kilo-omu 1 kwa koleo yenye mpini wa mpira, igusishe kwenye miguu miwili ya kapasita kwa nusu dakika, halafu pima kwa mita. Fanya hivyo kwa kila kapasita kubwa. Usiikutanishe miguu kwa bisibisi; ile cheche inaharibu kapasita, na jicho lako liko hapo hapo juu yake.

3. Itambue miguu ya swichi kwa mita. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole. Weka mita kwenye mlio. Zungusha swichi mpaka mwisho, upande wa kushoto. Gusisha kalamu moja ya mita kwenye mguu mmoja wa ndani na uushikilie hapo. Kalamu ya pili ipitishe kwenye miguu ya nje mmoja mmoja mpaka mita ilie. Andika namba ya mguu huo. Zungusha mara moja, tafuta tena. Kwenye swichi ya nafasi 6, mguu mmoja wa ndani utakupa miguu sita ya nje iliyofuatana, na ule mwingine utakupa sita zilizobaki. Usiamini mchoro wa swichi ya rafiki yako. Nimeona swichi mbili zinazofanana kwa sura, na miguu ya ndani imepangwa tofauti.

   Ukiwa bado na mita mkononi, pima jambo la pili. Gusisha kalamu kwenye miguu miwili ya nje inayofuatana, wa 1 na wa 2, kisha zungusha swichi polepole kutoka nafasi ya 1 kwenda ya 2. Mita ikilia katikati ya safari, swichi yako inashika mguu mpya kabla ya kuuachia wa zamani, na kila ukizungusha itakutanisha vyanzo viwili kwa nukta moja. Inayotakiwa ni ile inayoachia kwanza ndipo ishike, yaani mita iwe kimya safari nzima. Kama umepata ile nyingine na huna namna, nafasi tupu za hatua ya 1 zitakuokoa.

4. Weka kizuizi. Chini ya nati ya shingo kuna washa yenye jino dogo linaloingia kwenye tundu. Tundu hilo ndilo linaloamua swichi isimame nafasi ya ngapi. Rudisha swichi mwisho kushoto, inua washa, tumbukiza jino kwenye namba unayotaka, kaza.

5. Chagua mahali pa kuifunga. Pazuri kuliko pote ni nyuma ya kasha, sentimita chache kutoka kwenye soketi. Wengi wanaitaka mbele, karibu na volyumu, kwa ajili ya sura. Inawezekana: ama unarefusha fimbo ya swichi kwa fimbo nyingine ya milimita 6 na kiungio chake, swichi ibaki nyuma, ama unaileta swichi mbele na kutumia waya wenye koti kwa kila chanzo. Njia ya fimbo ndiyo ninayoipenda. Popote uendapo, kaa mbali na transfoma kadiri kasha linavyoruhusu.

6. Toboa. Toa bodi yote nje kwanza, au angalau ifunike kwa nguo na kuibana kwa utepe. Kipande cha bati chenye urefu wa ukucha kikidondokea kati ya miguu ya IC (chipu ya amplifaya), utakikumbuka siku ya kuwasha. Pima shingo ya swichi kwa rula kabla ya kuchagua biti. Nyingi zinataka tundu la milimita 9 au 10. Anza na biti ndogo, panua taratibu, malizia kwa tupa. Kando ya shingo kuna kipini kidogo cha kuzuia swichi isizunguke yenyewe. Kitobolee tundu lake badala ya kukikata.

7. Funga soketi na uhakikishe hazigusi bati. Washa ya plastiki nje, nyingine ndani. Halafu pima: kalamu moja kwenye pete ya nje ya soketi, nyingine kwenye bati. Mita ikilia, fungua urudie. Soketi moja tu inayogusa kasha inatosha kukuletea mvumo utakaoutafuta wiki nzima.

8. Unganisha graundi za soketi. Pitisha waya mnene wa shaba kwenye pete za soketi zote, ulehemu kila moja. Graundi haipiti kwenye swichi. Swichi inachagua waya wa sauti tu. Pasha soketi mpaka risasi itambae yenyewe na kung'aa. Na uzime panka. Najua joto la Mombasa la Februari lilivyo, lakini upepo wa panka unaipoza risasi kabla haijashika, nayo inaganda kijivu, imevimba kama tone la nta. Kiungo cha namna hiyo kinaonekana kimeshika, na baada ya mwezi kinaanza kukata sauti. Fungua dirisha moshi utoke, jifute jasho, endelea.

9. Lehemu rezista za kilo-omu 100 kwenye soketi, kila moja kutoka mguu wa katikati kwenda kwenye ule waya wa graundi. Zinatoa umeme mdogo unaokusanyika kwenye kapasita za vyanzo, ndio unaofanya spika ipige "pa!" kila unapobadilisha chanzo. Wengi huziruka kwa sababu amplifaya inafanya kazi bila hizo. Usiziruke.

10. Peleka nyaya za sauti kwenye swichi. Kushoto zote kwenye seti moja, kulia zote kwenye seti ya pili, kwa namba ulizoziandika. Kama swichi iko sentimita 4 au 5 kutoka kwenye soketi, waya wa kawaida unatosha. Kama ni mbali zaidi, tumia wenye koti, na koti la kila waya ulilehemu upande wa soketi pekee. Upande wa swichi likate na ulifunike. Weka risasi upesi. Miguu ya swichi imeshikwa na plastiki, na ukiipasha zaidi ya sekunde 3 inalegea na kuhama. Ikiwezekana fungia swichi waya mezani kabla hujaiingiza kwenye kasha.

11. Kutoka swichi kwenda volyumu, tumia waya mmoja wenye koti na nyuzi mbili. Nyuzi zinatoka kwenye miguu miwili ya ndani ya swichi. Koti lake linatoka kwenye ule waya mnene wa graundi na kufika kwenye graundi ya volyumu. Hili koti linalehemiwa pande zote mbili, kwa sababu ndilo njia pekee ya graundi kutoka kwenye soketi. Ukiikabili volyumu kwa mbele, miguu ikitazama chini, mguu wa kushoto ni graundi, wa kulia ni sauti inayoingia, wa katikati inatoka kwenda kwenye bodi.

12. Kasha la bati liunge kwenye waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu, kwa skrubu na washa ya meno, baada ya kukwangua rangi. Graundi ya sauti iguse kasha mahali pamoja tu, pale graundi za usambazaji zinapokutana.

13. Pima kabla ya kuwasha. Zungusha swichi kila nafasi, na kwa kila moja hakikisha soketi ya kushoto inafika kwenye volyumu ya kushoto na ya kulia kwenye ya kulia. Mita ya mlio haitakiwi kulia kati ya kushoto na kulia, wala kati ya waya wa sauti na graundi, isipokuwa kwenye nafasi tupu ulizozilehemu kwenye graundi. Ukiipeleka kwenye omu, utaona usomaji wa kama kilo-omu 9 hadi 50, kulingana na volyumu yako, kutoka waya wa sauti hadi graundi. Hizo ni rezista zako na volyumu, usishtuke.

14. Washa bila spika. Volyumu chini, hakuna chanzo. Pima volti za moja kwa moja (DC) kati ya miguu miwili ya spika, kushoto kisha kulia. Ikiwa chini ya volti 0.05, sawa. Ikipanda, zima utafute kosa, maana spika inaweza kuungua. Zikiwa sawa, zima, unganisha spika ya bei ndogo, washa tena, pandisha volyumu taratibu ukisikiliza kila chanzo.

Sauti za vyanzo hazilingani

Hili si kosa lako. DVD hutoa hadi volti 2, simu nyingi haifiki hata volti 1. Ukitoka kwenye simu kwenda DVD, nyumba nzima inaruka. Punguza kile chenye nguvu: rezista ya kilo-omu 10 iwe njiani kati ya soketi na swichi, na nyingine ya kilo-omu 10 kutoka upande wa swichi kwenda graundi. Volti za sauti zinashuka nusu au zaidi kidogo, kulingana na volyumu yako. Fanya kushoto na kulia, kwa rezista zinazofanana.

Ikigoma

*Mvumo mzito usiokoma, kwenye vyanzo vyote.* Ni mtetemo wa umeme wa hetsi 50. Gusa kasha kwa mkono. Mvumo ukipungua, kasha halijaungwa kwenye ardhi. Usipopungua, huenda graundi ina njia mbili: zima, chomoa, achanisha kwa muda muungano wa graundi na kasha wa hatua ya 12, upime kila soketi kama hatua ya 7, halafu uurudishe. Kisha jaribu kuisogeza ile waya ya hatua ya 11 mbali na transfoma ukisikiliza.

Na hapa nisikilize kwa makini. Kuna atakayekwambia ukate waya wa ardhi kwenye plagi, mvumo utakwisha. Kweli huenda ukaisha. Lakini siku ambayo ganda la waya wa transfoma litapasuka, lile kasha la bati litakuwa na volti 240, na atakayeligusa kwanza huenda akawa mtoto aliyetoka kuoga. Tafuta kosa, usiiguse ardhi.

*Mvumo unakuja kwa kompyuta peke yake.* Chomoa chaja ya kompyuta. Ukiisha, graundi inazunguka kupitia chaja. Transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1, iliyowekwa kati ya kompyuta na soketi, inamaliza kazi.

*Mlio mwembamba kama wa mbu kwenye Bluetooth.* Kama umeweka moduli ya Bluetooth ndani ya kasha, inakula umeme kutoka usambazaji ule ule wa amplifaya. Ijaribu kwa paawabenki. Ikinyamaza, iwekee kigeuzi cha volti 5 kwenda volti 5 chenye kutenga graundi, B0505S kwa mfano.

*Upande mmoja kimya kwenye nafasi moja.* Karibu kila mara ni kiungo cha kijivu cha hatua ya 8 au 10. Uyeyushe upya na risasi mbichi.

*Sauti inatoka, lakini haina mwimbaji katikati, ni ala tu.* Umegeuza graundi na waya wa sauti mahali fulani, au koti la hatua ya 11 limekatika. Mara nyingi ni koti.

*Kukwaruza ukizungusha, baada ya mwaka au miwili.* Hii ni yetu watu wa pwani. Nilifungua swichi moja iliyokuwa kwenye nyumba ya Mji wa Kale, kabati likitazama dirisha la baharini. Sahani zake zilikuwa na unga wa kijani kama majani ya chai mabichi yaliyosagwa, na chini ya unga shaba imelika mpaka imekuwa na vishimo. Ile haikuponyeka. Ikiwa yako imeanza kukwaruza tu, zima, chomoa, toa chaji, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kwenye uwazi wa swichi. Usitumie mafuta ya bawaba za mlango. Yanashika vumbi na kulifanya tope. Zungusha swichi mara ishirini kwenda na kurudi, sukuma na kuchomoa plagi za RCA mara kadhaa ili nazo zijisugue, kisha acha kasha wazi robo saa likauke kabla ya kuwasha.